Sitaji Jina: Dogo wa Sekunde 40 na Wanaomuuza Kabla Ligi Haijaanza

Ugonile Mbeya, kamwene Iringa. Na nyie wa Dar mliokaa mbele ya feni karibuni pia, maana hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Msimu wa kelele umefika tena. Ligi haijaanza, timu ndiyo kwanza zipo kambini zinapandishwa vilima, lakini huku kwenye simu zetu mfungaji bora ameshapatikana, kinda bora ameshapatikana, na "mrithi wa Samatta" ameshapatikana mara 3 ndani ya wiki moja. Mmoja katokea Mwanjelwa, mwingine Kihesa, wa tatu Uyole. Wote wana miaka 16. Wengine wana miaka 16 tangu mwaka juzi.

Leo sitaji jina la mtu. Siogopi kesi. Ni kwamba dogo mwenyewe hana kosa, na wenye kosa wakisoma watajijua kabla hawajafika aya ya tano.

Mnawajua hawa watatu

Wa kwanza ni kaka mwenye peji. Yeye kazi yake ni klipu. Anaenda ndondo Jumapili, anarekodi dakika 90, anatoa sekunde 40, anaweka muziki, anaweka moto na taji kichwani mwa dogo, kisha anaandika: "SIMBA NA YANGA MPO? MSIJE KULIA BAADAYE." Mipira 11 aliyopoteza dogo haimo. Penalti aliyopaisha haimo. Beki aliyepigwa tobo ni fundi gereji wa miaka 38 aliyetoka kazini saa 9 akaja kucheza kwa raha zake, hilo nalo halimo.

Wa pili ni "meneja". Leseni hana, ofisi hana, ila ana namba 2 za simu na picha moja aliyopiga na kiongozi wa klabu kwenye msiba. Huyu anafika nyumbani kwa dogo na kilo 5 za sukari, anamwita mama yake "mama mkwe" kwa utani, na kabla chai haijapoa karatasi ipo mezani. Mama anasaini. Hakuna aliyemsomea kilichoandikwa.

Wa tatu ni tajiri wa mdomo. Anapenda kusema "huyu nimemtoa mimi". Njumu hajawahi kumnunulia, nauli ya bajaji kwenda mazoezini hajawahi kumpa, lakini siku dogo akionekana kwenye runinga atakuwa wa kwanza kupiga stori kwamba alimwona akiwa darasa la 4.

Hawa watatu wanategemeana. Kaka wa peji anapata wafuasi, meneja anapata karatasi, tajiri wa mdomo anapata heshima ya kijiweni. Dogo anapata nini? Laiki 6,000 ambazo hazinunui hata soksi.

Tukae kwa farasi kidogo

Sisi tunajiona wajanja, lakini huu mchezo wa kumtangaza kinda kabla hajakimbia ulishachezwa na watu wenye hela kuliko mkoa wetu mzima. Wanaufanya kwenye farasi wa mashindano.

Kwenye mbio za farasi kuna mbio kubwa zinaitwa Derby. Zipo Uingereza, zipo Marekani kule Kentucky, na hapo jirani Nairobi kwenye uwanja wa Ngong wanakimbiza Derby yao. Hizi ni za farasi wa miaka 3. Kwa hiyo kabla msimu haujaanza, watu wanahangaika na makinda wa miaka 2. Nani ana miguu mizuri, nani baba yake alikuwa bingwa, nani mazoezini kapita kama upepo. Wanabashiri, wanabeti, wanatoa hela.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2006 huko Florida, Marekani, kulikuwa na kinda wa miaka 2 anaitwa The Green Monkey. Kabla ya mnada akakimbizwa kipande kifupi tu, kama mita 200, watu waone mwendo wake. Akakimaliza kwa sekunde 9.8. Basi, ukumbi ukachanganyikiwa. Matajiri wakapandishiana bei mpaka akanunuliwa kwa dola milioni 16, bei ambayo haikuwahi kutolewa kwa kinda wa mnadani.

Unajua alikimbia mbio ngapi baada ya hapo? Mbio 3. Alishinda ngapi? Sifuri. Nafasi yake nzuri kabisa ilikuwa ya 3, na zawadi zake zote kwa pamoja zilizidi kidogo dola 10,000.

Dola milioni 16 kwa sekunde 9.8. Ile nayo ilikuwa klipu, ndugu zangu, tofauti ni kwamba haikuwekewa muziki.

Upande wa pili yupo Seabiscuit, farasi wa miaka ya 1930 ambaye mbio zake 17 za kwanza hakushinda hata moja. Angekuwa winga wa Ilomba, komenti zenu zingekuwa "galasa", "arudi shule", "nani kamsajili huyu". Mwaka 1938 akamkimbiza War Admiral, aliyekuwa anaogopwa Marekani nzima, wakiwa wawili tu uwanjani, akamwacha.

Yule farasi wa milioni 16 kushindwa hakumuumiza. Alirudi zizini akaendelea kula majani, hakuna aliyemtumia meseji saa 6 usiku kumwambia yeye ni aibu ya ukoo. Dogo wetu ana simu, na anasoma kila komenti. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Na kingine. Yule farasi alipoingia mnadani umri wake ulijulikana kwa karatasi, baba na mama yake waliandikwa, mwenye mali na muuzaji walijulikana. Huku kwetu mtoto wa mtu anauzwa bila hata mmoja kujua cheti chake cha RITA kinasema alizaliwa lini.

Kwa nini klipu inadanganya hata kama dogo ni fundi kweli

Msije mkasema nachukia vipaji. Vipaji vipo, Nyanda za Juu Kusini tumejaaliwa. Shida ni kwamba kipaji cha miaka 15 ni kitu kigumu sana kukisoma, na klipu inafanya kionekane rahisi.

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Kuna dogo anapata ndevu akiwa na miaka 14, ana mapaja ya mtu mzima, kwenye UMISSETA anawabeba wenzake kama magunia ya viazi. Mnamwita jini. Akifika miaka 19 wale wenzake nao wamekua, kasi wanalingana, nguvu wanalingana, na yeye hakuwahi kujifunza kutumia akili kwa sababu mwili ulikuwa unamtosha. Pembeni kulikuwa na mwembamba mmoja aliyekuwa anaangushwa kila siku, kwa hiyo akalazimika kujifunza kuachia mpira haraka. Miaka 5 baadaye mwembamba ndiye mchezaji. Nani alimrekodi? Hakuna.

Hapo bado sijagusa umri wa kuchonga. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia, nchi ikaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima ikalipa. Hiyo ni miaka mingi iliyopita, halafu bado mtu anamwandika kijana mwenye mtoto anayetambaa kwamba ana miaka 16, na sisi tunagonga laiki.

Na kama mnataka kuona kelele za kabla ya mashindano zinavyowafanya watoto, kumbukeni Aprili 2019. AFCON ya chini ya miaka 17 ilikuwa hapahapa nyumbani, Dar es Salaam. Kabla hata filimbi haijapulizwa tulishawapeleka wale madogo Kombe la Dunia kwa midomo yetu. Wakafungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mechi 3, wakatoka. Siku chache baadaye wale waliokuwa wanawaita "dhahabu ya taifa" walikuwa wanawatengenezea vikatuni vya kuwacheka. Watoto wa miaka 16, 17. Halafu tunashangaa wengine wamepotelea wapi.

Safari ya dogo, kwa wale wasioijua mwisho wake

Huyu si mtu mmoja. Wako wengi, na kila mtaa wa Mbeya na Iringa una wake. Tumwite Dogo tu.

Klipu inatrendi Juni. Julai meneja anamtoa shule, yupo kidato cha 3, "utarudi kufanya mtihani". Anapanda basi pale Nane Nane na begi moja. Dar anafikia chumba cha kuchangia, wako 5. Anafanya majaribio siku 3, kocha anasema ana kitu lakini bado, aendelee na timu ya vijana. Hilo ni jibu zuri kabisa! Kwa mtoto wa miaka 16 hilo ndilo jibu sahihi. Ila peji ilishawaambia watu anaenda kuchukua namba. Kwa hiyo mtaani jibu zuri linaonekana kufeli.

Meneja naye hataki timu ya vijana, huko hakuna hela ya haraka. Anamhamisha. Timu ya pili, ya tatu, daraja la chini huko, mshahara wa ahadi. Goti linatoa sauti. Nani analipa kipimo? Simu ya meneja haipatikani. Anarudi nyumbani Desemba usiku, anashuka stendi kofia ikiwa imefunika macho, kwa sababu anajua kijiweni kuna mtu atasema: "Oyaa, mrithi wa Samatta, umerudi na Villa yako?"

Na tuongee kuhusu huyo Samatta mnayemrithisha kila Jumatatu. Samatta alitoka African Lyon, akapita Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe kule Lubumbashi. Alikaa huko karibu miaka 5. Miaka mitano! Ndipo akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk Januari 2016. Alipotua Aston Villa Januari 2020 alikuwa na miaka 27. Hiyo ni safari ya miaka karibu 10 ya kucheza kila wiki. Nyie mnataka dogo wa Mlandege aimalize kati ya Juni na Agosti.

"Bila kiki dogo wa Mbeya haonekani"

Najua hii komenti inakuja, na ndiyo hoja pekee ya maana mliyonayo, kwa hiyo niiheshimu. Ni kweli kwamba mpira wa nchi hii unatazama Dar. Mtoto wa Temeke anaonekana akienda dukani, mtoto wa Mufindi mpaka avunje nyavu. Hilo ni kweli na linauma.

Lakini niambieni, watu wa huku walipoonekana kweli walionekana vipi?

Mbeya City walipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Nani aliwapigia debe? Hakuna. Wakiwa chini ya Juma Mwambusi wakamaliza nafasi ya 3, nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Ndipo nchi nzima ikajifunza kusema Koma Kumwanya. Deus Kaseke alisajiliwa Yanga mwaka 2015, akiwa ameshacheza misimu 2 ya Ligi Kuu na zambarau. Hakuna aliyehitaji klipu, walikuwa wamemwona akikimbia mpaka dakika ya 90 kwenye baridi ya Sokoine.

Lipuli wa Iringa mwaka 2019 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 1-0 na Azam. Wanapaluhengo walifika pale kwa kucheza raundi moja baada ya nyingine. Na tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu ya Mbarali ikaifunga Yanga 2-1 palepale nyumbani kwao na kukata rekodi ya mechi 49 bila kupoteza. Siku moja kabla, kuna peji hata moja ilikuwa imetabiri? Mlikuwa mnatabiri Yanga wangeshinda ngapi.

Upande wa pili wa shilingi mnaujua pia. Lipuli walishuka 2020. Mbeya City wenyewe walishuka 2023, wakarudi msimu wa 2025/26. KenGold wa Chunya walipanda kwa vigelegele 2024/25, wakashuka msimu uleule. Ihefu iliondoka Mbarali, leo ni Singida Black Stars. Maana yake milango ya kweli ya dogo wa huku, yaani timu za nyumbani, inafungwa mmoja baada ya mwingine, na sisi tumekaa tunabishana kuhusu klipu. Mechi ya timu ya vijana jukwaani mko 14, na 6 kati yenu ni ndugu wa kipa. Kama kweli mnataka madogo waonekane, uwanja ule pale, ni kukanyaga tu.

Maswali 4 kabla hujagonga laiki

Ukikutana na klipu ya "jini jipya", uliza haya. Yaandike kwenye komenti kabisa, mwenye peji ayajibu hadharani.

Moja: dakika ngapi? Amecheza mechi ngapi za mashindano yenye refa, na dhidi ya nani? Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 30. Mtu ambaye hajacheza hata 10 hana sifa ya kuitwa chochote zaidi ya "dogo anayejifunza".

Mbili: umri kwa karatasi gani? "Mimi nilimwona akizaliwa" si karatasi.

Tatu: nani kasaini, na miaka mingapi? Hapa mama zetu wanaibiwa mchana. Chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hafungi mkataba peke yake. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 usizidi miaka 3. Za mawakala za 2023 zinataka wakala awe na leseni, awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi kabla hata ya kumfuata mtoto, na mkataba wa uwakala usizidi miaka 2. Kwa hiyo akija mtu na karatasi ya miaka 10, mama, mpe chai yake anywe aende. Karatasi ibaki mezani mpaka isomwe na mtu anayejua.

Nne: shule je? Na timu yake ya mtaani imeandikwa? Hii watu hawaijui. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada ya uhamisho, FIFA inataka hadi asilimia 5 ya ile ada igawiwe klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Lakini inalipwa klabu yenye kumbukumbu za usajili. Ile timu ya Kihesa iliyomnunulia njumu za kwanza, kama jina lake halijawahi kuingizwa popote, haitaona hata mia. Mwalimu wa michezo aliyemlea ataishia kusema "yule alikuwa wangu" kijiweni. Badala ya kuweka moto na taji kichwani mwa dogo, msaidie kocha wake ajaze fomu.

Na nyie wa mikeka

Mmo humuhumu. Mtu anaweka 2,000 yake kwamba dogo atafunga mechi ya kwanza, dogo hata benchi hayupo, halafu unamfuata kwenye akaunti yake unamtukania mama. Mkeka wako umechanika kwa sababu ulibeti kwa klipu. Huyo mtoto hakukuomba uweke hela, na kwa umri wake yeye mwenyewe haruhusiwi hata kubeti.

Kwa hiyo ombi langu kwa msimu huu ni dogo tu. Kaka mwenye peji, endelea na klipu, ila andika tarehe, mashindano, mpinzani na dakika alizocheza. Ukishindwa kuandika hivyo vinne, tutajua unauza nini. Meneja, onyesha leseni. Tajiri wa mdomo, nauli ya bajaji kwenda mazoezini haizidi bei ya soda zako, anza na hiyo.

Na sisi wengine, dogo akikosa nafasi Agosti, tunyamaze. Akirudi Desemba, tumpishe kwenye benchi la kijiweni, tumuulize goti linaendeleaje, tumkumbushe kuna mtihani. Ana miaka 16. Kwa kweli safari hii, siyo ya kwenye peji.

Komenti ziko wazi. Tiririkeni, ila majina ya watoto msitaje.